Busta ya Antena na Taarifa ya Habari

Baba watoto,

Chakula kipo jikoni, kipashe moto. Busta ya antena usiiguse. Fundi aliyekuja asubuhi ameihamishia juu ya paa, maana nyuma ya TV ilikuwa inakuza mawimbi pamoja na chenga za picha. Sasa picha ni safi.

Ila mwenzio sielewi. Binti yetu anasoma habari leo jioni kwa mara ya kwanza, na wewe tangu aache ualimu uliapa hutamtazama. Mbona fundi anasema ni wewe uliyemwita? "Mzee kasema picha isikatike hata kidogo."

~~Nitamtazamia kwa dada.~~ Nisubiri, nawahi kurudi.

Nimempigia binti yetu, nimemwambia utatazama. Akaangua kilio. Sijui nimejenga au nimebomoa.

Mama watoto