Kichwa cha Gololi na Mkono Wangu wa Kulia

Jumapili, alasiri. Upepo wa kiangazi unapiga bati tangu asubuhi na vumbi la mtaa wetu wa Isevya limeingia hadi kwenye sukari. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ukumbi mara mbili. Situlii.

Niandike ya Ijumaa, labda yatanitoka.

Shangazi Mwajuma aliniomba jambo moja tu. Mwanawe Hamisi alikuwa anarudi kwa treni baada ya miaka tisa kwenye machimbo ya kusini. Miaka yote hiyo hakuja hata mara moja, hata baba yake alipozikwa. "Nipigie picha akishuka," Shangazi aliniambia. "Moja tu, niiweke sebuleni."

Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali hapa Tabora. Kazi hiyo si ya kunishinda. Lakini nilijiandaa kama ninakwenda vitani. Wiki tatu nilihangaika na monopodi, ile stendi ya mguu mmoja. Nilitoa mpira wa chini nikaweka ncha ya chuma, kisha nikakumbuka sakafu ya stesheni nikaurudisha mpira. Nikanunua mkanda wa kiganjani, nikanunua kibati kipya cha kunasia kamera. Kikabaki kichwa, kile kiungo cha juu kinachobeba kamera yenyewe.

Fundi Seif, anayetengeneza kamera karibu na soko, alinikataza kichwa cha gololi, kile kinachozunguka pande zote.

"Dada, mguu wenyewe unauzungusha utakavyo. Wewe unahitaji kichwa kinachoinama mbele na nyuma, basi. Hicho cha gololi ukikilegeza kidogo, na lenzi yako ilivyo nzito, kamera inalala ubavu."

Nikachukua cha gololi. Nilijiambia kwamba kina kitasa kikubwa, nikikikaza sana kitashika kamera badala yangu.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka.

Sijawahi kuliandika hilo popote. Ulianza kwenye kidole gumba, nikasema ni uchovu. Sasa ni kiganja kizima, na mbele za watu huwa nabeba mkoba ili usionekane.

Ijumaa treni iliingia, watu wakajazana. Hamisi alitokea mlangoni, amekonda, begi begani. Nilikuwa nimelenga chini kidogo, nikalegeza kitasa ili niinue kamera. Vidole vikakataa kunitii. Nilipotaka kukaza, nikazungusha upande usio wenyewe. Kamera ikapinduka, lenzi ikaangalia sakafu, na kidole changu kikabonyeza hapo hapo. Nilipoiinua tena, Shangazi alikuwa ameshazika uso kifuani mwa mwanawe na umati umewafunika.

Nina aibu kuandika nilichofanya baada ya hapo. Niliwafuata nikasema, "Shangazi, samahani, Hamisi anaweza kupanda tena, halafu ashuke?"

Akanigeukia, macho yamelowa.

"Sitamlilia mwanangu mara ya pili kwa ajili ya kamera."

Hamisi alicheka, akageuka kutaka kupanda kweli. Mama yake akamshika shati, hakuliachia mpaka nje ya stesheni.

Jana nilirudi kwa Seif, akanibadilishia kichwa. Nilijifunza uani siku nzima, nikiwapiga kuku. Alisema kweli: kamera inakwenda mbele, inarudi nyuma, hailali. Kichwa kizuri. Lakini nilipozikuza zile picha, nyingi zilikuwa na ukungu. Kuku walikuwa wamesimama.

Leo asubuhi nikaenda kwa Shangazi na picha niliyoipata: viatu vya Hamisi, pindo la kanga, na mguu wa mtu tusiyemjua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe."

Aliitazama muda mrefu. "Soli zimeisha," akasema.

Nikaanza hotuba yangu kuhusu kichwa cha gololi na uzito wa lenzi. Niliipanga vizuri njiani. Yeye akanimiminia chai, nami nikapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Akanikata katikati ya sentensi.

"Tangu lini unapokea kitu kwangu kwa kushoto? Lete huo mwingine."

Aliushika kwa viganja vyake viwili, akaubana kama anayetaka kuupasha joto. Haukuacha kutetemeka. Nikalia kama mtoto, na Hamisi akatoka nje taratibu.

"Umeanza lini?" Shangazi aliuliza.

"Juzijuzi tu."

Nikamdanganya huku ameushika. Ni zaidi ya mwaka sasa. Nimezijua aina zote za vichwa vya monopodi kabla sijakanyaga hospitali hata siku moja.

Kesho saa moja asubuhi ananipitia, twende wote. Najua daktari atauliza swali lile lile, na Shangazi atakuwa amekaa pembeni yangu, anasikiliza.

Nitajibu nini?