Mama Konsolata na Jiwe Ndani ya Maji

Lushebere, Alhamisi, Novemba 1953. Ukungu tangu asubuhi.

Leo milima haina miguu. Ukungu umejaa bondeni, na kutoka mlangoni mwa darasa nimeona vichwa vya vilima tu, vimekaa juu ya ule weupe kama vinasubiri kupelekwa mahali. Nimesimama pale muda mrefu, chaki mkononi. Watoto wamenizoea. Wanasema mwalimu wao anasafiri akiwa amesimama.

Wiki hii haikuwa ya kuota ndoto za mchana, lakini nimeota tu.

Jumatatu nilianza somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama. Nilikuwa nimelingojea tangu shule ifunguliwe. Nilichukua beseni ya mke wangu bila kumwambia, nikaijaza maji ya kisima, tukatumbukiza kila tulichopata: kipande cha mti, msumari, yai, ganda la ndizi. Kila mtoto alisema kwanza anafikiri nini, kisha akatia kwa mkono wake mwenyewe. Wote walilowa mpaka viwiko. Nilifurahi kuliko wao, nakiri.

Ndipo nikauliza: nyumbani kwenu mmeona nini kinachoelea?

Donati, ambaye mdomo wake hutangulia kichwa, alijibu mbele ya wote. "Mwalimu, maharagi yenye bidudu. Mama anamwanga maji mu chungu, yenye kuelea anatupa. Yenye muzuri inabakia chini."

Darasa zima likakubali. Hapa kwetu hakuna mtoto ambaye hajasimama karibu na mama yake siku ya kuosha maharagwe. Walinieleza kwa furaha, wakipokezana: kinachoelea kimeliwa ndani, ni kitupu, cha kutupwa. Kizuri huzama. Nilikuwa nimekwisha kugeukia ubao niyaandike maneno yao, niwasahihishe taratibu.

Kisha sauti ndogo kutoka nyuma, bila ubaya wowote: "Njo maana Papa ya Konsolata alielea."

Hakuna aliyecheka.

Baba yake Konsolata alikuwa akishusha maharagwe mpaka Kashebere na kurudi na mafuta ya mawese. Msimu wa mvua uliopita alitaka kufika mpaka Buleusa, na mto ukamchukua njiani. Walimpata baadaye, juu ya maji, amekwama kwenye matete. Hapa Lushebere kila mtu anajua, na watoto wanajua zaidi. Konsolata hakulia. Alikausha mikono kwenye gauni lake, kidole kwa kidole, akatoka nje, akaondoka.

Mwalimu mzima, nikabeba beseni nje nikamwaga maji.

Jumanne nafasi yake ilikuwa wazi. Jumatano pia. Jana hiyo hiyo, baada ya masomo, nikapanda mpaka kwao. Mama yake alikuwa akimenya mihogo uani. Alinipa kiti, akaendelea kumenya, na aliposema hakuwa na hasira, jambo ambalo lilinitisha.

"Mutoto atabakia na miye mu shamba, Mwalimu. Kule kwa masomo alisikia kama papa yake alikuwa muntu wa bure."

Nilimwambia sikufundisha hivyo.

"Najua," alisema. "Lakini miye pia nawazaka vile. Tangu tulimuzika, siwezi tena kuosha maharagi. Napikaka na bidudu yake."

Alicheka kidogo. Kicheko hicho kimenikaa kifuani mpaka sasa. Mimi nilidhani swali la kwa nini alielea limezaliwa darasani kwangu, kumbe lilikuwa limeishi kwenye nyumba ile muda wote, mama analo, mtoto analo, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake. Nilimwomba aje leo pamoja na binti yake, mara moja tu. Nikamwambia kwamba baada ya hapo, akitaka abaki naye shambani, sitapanda tena kumsumbua. Kwa nini niliahidi hivyo? Sikuwa na somo lolote kichwani.

Kurudi nilitembea kama mtu aliye usingizini, nikapitiliza njia ya nyumbani kwangu mwenyewe, nikajikuta kijitoni. Nikaingiza mkono ndani ya maji, nikaokota jiwe. Chini lilikuwa jepesi. Lilipotoka juu, likawa zito. Jambo hili nimelijua tangu utoto na nimelisoma shuleni, lakini jana ndipo mkono wangu ulipolisikia. Nililiinua na kulishusha, nililiinua na kulishusha, mpaka wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakaniuliza kama nimepoteza pete.

Leo nimelifunga jiwe lile kwa kamba ya mgomba. Mama Konsolata amefika na binti yake, wamesimama mlangoni, ukungu nyuma yao, na hawakutaka kukaa. Niliwaambia watoto: leo hatuulizi kitu gani kinaelea na kitu gani kinazama. Leo tunauliza maji yenyewe yanafanya kazi gani.

Wamepita mmoja mmoja. Unashika kamba, unalisikia jiwe hewani, kisha unalishusha polepole ndani ya beseni. Donati amekunja uso. "Mwalimu, ni kama kuko muntu chini, anatusaidia."

Njo vile, nimemwambia. Maji husukuma juu kila kitu kinachoingia ndani yake. Jiwe linasukumwa, haragwe zima linasukumwa, haragwe lililoliwa linasukumwa. Kinachozama kimeyashinda maji kwa uzito tu, na haragwe lenye vidudu huelea kwa sababu ya hewa iliyoko ndani yake. Maji hayajui kizuri wala kibaya. Nilikuwa nimepanga maneno mengine, ya kumhusu mtu, lakini nilipotazama mlangoni nikayaacha.

Mama Konsolata aliachilia bega la binti yake, akaja mpaka kwenye beseni. Watoto wakampisha. Alishika kamba, akalishusha jiwe. Akalitoa. Akalishusha tena, na safari hii mkono wake ulifuata, mpaka maji yakapita kifundo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtoto yeyote.

"Maji ilikuwa inamubeba," alisema. Hakuwa anasema na mimi.

Kisha, bila kugeuka: "Konsolata, kuya. Shika hapa na miye. Unasikia? Kama maji haikumubeba, tungemuzika wapi?"

Mtoto alikuja, akaishika kamba chini ya mkono wa mama yake. Wakalishusha jiwe pamoja. Wakaliinua. Nilienda mlangoni nikajifanya naangalia kama ukungu umeanza kuondoka, na nililia, naandika hapa ili nisije nikakana kesho.

Mama yake ameteremka shambani peke yake. Konsolata amebaki mpaka kengele.

Kesho ni hesabu za kugawanya. Nitaita majina yote, na nikifika kwa Konsolata nitanyamaza kidogo, nisikie anavyoitika.