Palizi Chini ya Mlima wa Mungu

Jumatatu, 7 Aprili. Karatu

Palizi tangu saa kumi na mbili. Mistari sita ya maharage kabla ya chai. Mgongo unalalamika, nimeuambia unyamaze.

Keshokutwa nakwenda Engaresero kumrudisha Neema. Naandika wazi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Mwanangu ni muuguzi wa zahanati huko, sawa. Kwamba anataka kuolewa huko huko, si sawa. Kijana ni Mmasai, anaitwa Lemayian, kazi yake kupandisha watalii mlimani. Wamasai ndio waliomuua Baba mdogo Gadiye nikiwa darasa la pili. Walikuja kuchukua ng'ombe, akawatokea na fimbo. Fimbo tu. Mjane wake, Mama mdogo Paulina, naishi naye hapa. Hakuolewa tena.

Baba yake Neema angekuwa hai angekwenda yeye. Hayupo, kwa hiyo neno la mwisho ni langu, na neno lenyewe ni hapana. Paulina sijamwambia. Nimesema nakwenda kumsalimia mtoto.

Jumatano, 9 Aprili. Engaresero

Gari kutoka Mto wa Mbu lilikwama korongoni mara mbili. Joto la huku si la watu wa Karatu. Nilinuna njia nzima.

Halafu tulipopita Engaruka mlima ukatokea, nikaacha kununa bila kupenda.

Umesimama peke yake. Hauna mlima mwenzake wa kuegemea. Umechongoka, una makunyanzi toka juu hadi chini, na kileleni ni mweupe. Nilidhani theluji. Dereva akanicheka, akasema ule ni uji wa moto uliotoka ndani. Unatoka mweusi kama tope, siku chache tu unageuka mweupe. Miaka thelathini nimechora volkano ubaoni. Koni, bomba, kreta, mshale hapa, mshale pale. Watoto wakanakili, nikawapa vema. Sikujua nachora nini.

Lemayian alikuja kunipokea. Akaniinamishia kichwa nimguse, ndiyo heshima yao. Nikamkabidhi begi. Neema akanitazama vibaya.

Halafu kanipangia kulala bomani kwa wakwe. Eti wakwe. Nitasema nao kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikusema nao. Siku imeliwa na kutazama.

Alfajiri nimetoka nje ya boma, mlima unatoa moshi mwembamba. Hakuna sauti. Mama yake Lemayian alikuwa anakamua, akasimama kidogo, akaugeukia, midomo ikacheza, akarudi kwenye maziwa yake. Neema anasema wanawake wasiopata watoto hutembea kutoka mbali kuja kuomba hapa. Wanauita Mlima wa Mungu. Mimi ni Mlutheri wa kubatizwa utotoni na nilijikuta nimevua kitambaa cha kichwa. Kwa nini nilivua, sijui.

Mchana wakatupeleka kuona nyayo. Watu wa zamani za kale walipita kwenye majivu ya mlima yakiwa mabichi, yakaganda, nyayo zikabaki. Vidole vyote vitano. Kisigino. Wengine walikuwa wanatembea, wengine wanakimbia, unaona kabisa jinsi hatua zilivyoachana. Kuna wa miguu midogo, nadhani mwanamke. Nimevua kiatu, nimeweka mguu wangu pembeni ya wake. Sawasawa.

Hawakuwa Wairaqw kama mimi, wala Wamasai. Sikupenda kuwaza hivyo, nimewaza. Nilikuja kugomba, nashindwa hata kuanza.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimefanya jambo la aibu.

Asubuhi wanawake walikwenda mtoni, Neema zahanati. Nikabaki bomani peke yangu, mikono inawasha kwa kukosa kazi. Mbele ya nyumba niliyolala nyasi zimeota kwa mvua hizi, laini, zimefika hadi mlangoni. Kwetu mlango wenye nyasi ni aibu ya mwenye nyumba. Nikainama nikaanza kung'oa. Raha ya ajabu. Nikafika nusu ya uwanja. Nikasimama kunyoosha mgongo, fungu la nyasi mkononi, na hapo hapo Mzee Koinet, baba yake Lemayian, akaingia na mzee mwenzake.

Wakasimama ghafla. Mzee akautazama mkono wangu. Nikajua nimeharibu. Watu wanaoishi kwa ng'ombe, na mimi nawang'olea nyasi kama magugu.

Akalaza fimbo yake chini. Akachuma nyasi kidogo, akaziinua juu, akaja akakaa mbele yangu. Mtu wa umri ule, mavumbini.

"Mama," akasema, Kiswahili chake cha kukatakata. "Uliyekosewa ni wewe, na wewe umetangulia kushika nyasi. Neema alitueleza habari ya baba yako mdogo. Mimi nilikuwa morani miaka ile. Nilipanda huko kwenu. Nyumba ya nani, sijui. Lakini nilipanda, na ng'ombe nilileta hapa."

Mzee mwenzake akanieleza taratibu. Anayeshika nyasi mbele ya mwenzake anaomba amani, na amani ya nyasi haikataliwi.

Hasira ilipanda mpaka masikio yakaziba. Miaka yote nimemchukia mtu asiye na uso, leo uso huu hapa, una mvi na macho yenye machozi. Na chini ya hasira, aibu. Sikuomba amani mimi. Nilikuwa napalilia.

Nimesema kichwa kinauma, nimelala mchana kutwa. Chakula sikula.

Jumamosi, 12 Aprili. Ziwani

Nimeamua kusema ukweli hata kama nitafukuzwa. Nimemwomba mzee tuongozane hadi ziwani. Lemayian akatupeleka, akabaki kwenye gari.

Lazima kwanza niandike ziwa. Pwani yake ni nyeupe, magadi matupu, yanavunjika chini ya kiatu. Hakuna mti. Maji ni mekundu hapa, kule mbele kama maziwa, na hayana mwisho. Halafu heroe. Nilidhani ni rangi ya maji, kumbe ni ndege, ufuko mzima wa ndege, wakanyanyuka pamoja na upepo wao ukanifikia usoni. Nyuma yetu mlima. Mbele yetu mlima tena, ndani ya maji, kichwa chini. Nikamwita Mungu kwa Kiiraqw, kwa sauti, mbele ya Mmasai. Niliogopa, na sikutaka kuondoka.

Nikamwambia. "Mzee, jana sikuomba amani. Nilikuwa napalilia tu."

Hakushtuka hata kidogo. "Najua. Uling'oa na mizizi. Sisi tunachuma, mizizi tunamwachia ng'ombe."

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikaa chini?

"Tangu nizeeke natafuta mtu wa kwenu nimwambie. Nikakukuta mlangoni kwangu na nyasi mkononi. Ningengoja nini tena?"

Nimelia. Sikulia hivyo hata nilipomzika mume wangu. Yeye akatazama ziwa, akaniacha nimalize. Nikamwambia kwa upande wangu Neema aolewe. Lakini msamaha wa Baba mdogo si wangu kuutoa. Mjane yuko hai. Akikataa, Mzee Koinet hatakanyaga harusini, na harusi isiyo na baba wa bwana arusi kwao si harusi. Akasema yuko tayari kuja Karatu kumwomba mwenyewe. Akasema pia kwamba anaogopa.

Hata mimi naogopa. Neema nimemwambia kila kitu. Hakulala.

Jumatatu, 14 Aprili. Karatu

Nyumbani. Baridi, ukungu, matope mekundu. Magugu yameniwahi.

Nimemsimulia Paulina baada ya chai. Sikuficha kitu. Mlima, nyayo, ziwa, nyasi, mzee chini mavumbini na alichokisema. Alikuwa anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Vidole havikusimama. Nilipomaliza akauliza kama huko kuna maji ya kunywa. Nikasema upo mto, baridi, unatoka kwenye magenge. Akauliza kama yule kijana anamheshimu Neema. Nikasema ndiyo.

Akapeta ungo. Nikasikia jirani anamaliza kuchanja kuni.

"Huyo mzee mwambie aje," akasema. "Akifika mkalishe karibu na mimi. Macho yangu ni mabovu, kwa mbali sitamwona."

Nikauliza kama amekubali. Akasema kwanza amwone.

Akaomba chai nyingine. Nikaweka maji motoni, nikampigia Neema simu.