Mama Bado Anakula

Kaka mpendwa,

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, ila paka wako amehamia kwa jirani, hana hata haya.

Mimi bado niko maabara, nalisha seli za wagonjwa kwenye chupa. Ulipouliza kwenye simu Mama ameacha nini, nilikutajia miwani na viatu. Chupa sikuitaja.

Kabla hajafariki, alikubali kipande cha uvimbe wake wa saratani kiletwe kwetu maabara. Yeye alizikwa, seli zake hazikufa. Zinakula, zinatoa uchafu, zinakua, kila moja inagawanyika kuwa mbili. Unakumbuka tulivyofundishwa shuleni: seli haizuki hivi hivi, huzaliwa na seli iliyoitangulia. Basi hizi zote ni yeye. Kabla sijafungua kabati la joto zinamokaa, nabisha hodi. Wenzangu walinicheka sana. Siku hizi nao wanabisha.

Jana mkuu wetu alisema utafiti umekwisha, nizimwagie dawa ya kuziua. Dawa nikiwa nayo mkononi, nikachungulia kwenye hadubini. Zilikuwa zimejaa chupa nzima, zimeshikana, kama watu wanaomsubiri mgeni aliyechelewa.

Nikairudisha dawa mahali pake, nikamwomba mkuu anivumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Kaka, mara ya kwanza ulisema kazi imekubana, nikamzika Mama bila wewe. Mara hii, dawa utaimwaga wewe.

Bisha hodi kwanza.

Mimi, wako wa tumbo moja