Baba si Jumbe Tena

Makurunge, Alhamisi, Agosti 1956

Baba kavuliwa ujumbe wa kijiji leo, na sababu ni mimi.

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alikuja kuwataka wakulima wahame kupisha shamba la katani. Mzee Mwinyi, mmoja wa wakulima hao, akanigeukia. "Mwanangu, wewe unasomea siasa chuo kikuu. Tuna haki ya kukataa?"

Nikasema wanayo. Wakakataa wote. Bwana Shauri akamwachisha baba kazi palepale, kwa kushindwa kumzuia mwanawe.

Jioni nilimwomba baba radhi.

"Hukusema uongo," akajibu bila kunitazama. "Lakini hukuniuliza mimi."

Wakulima wamekuja kunishukuru. Baba kawakaribisha kahawa, kisha akaingia ndani.

Kesho narudi chuoni. Mama anasema baba hatanisindikiza.