Majina Yenye Mstari Mwekundu

Kabiria, 3 Machi 2025

Kwako Kui, mwanangu,

Natumai huko Ngara u mzima na kile kikohozi kimekuachilia. Mimi niko sawa, ila presha imepanda, na leo si kosa la chumvi. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu nitafoka tu.

Unawajua akina mama wa mboga ninaowafundisha kompyuta hapa maktaba. Wiki jana waliandika barua ya kupinga kung'olewa kwa vibanda vyao. Mimi siku hiyo nilikuwa kliniki. Sasa, nimewazoesha sheria moja: karatasi haichapishwi mpaka ile mistari myekundu ya makosa iishe. Wakatii. Mashine ikapiga mstari chini ya Khamisa, wakafuta Khamisa. Ikapiga chini ya Waithera, Ngina, Kitheka, wakafuta wote. Watu arobaini na mmoja, na barua ikafika ofisi ya kaunti na Mary wanne na Peter mmoja. Karani kairudisha, eti haina wenyewe. Wamepewa mpaka Ijumaa tarehe 14 walete nyingine.

Hiyo kamusi ya kukagua maneno si ni ya kikundi chenu? Mary inamjua, mimi Nyakio hainijui. Niambie ni nani aliyeamua hivyo, nina maneno naye.

Shangazi yako,
Nyakio

Ngara, 6 Machi 2025

Kwako Shangazi,

Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Meza dawa kwanza, ndipo usome.

Hakuna aliyeamua, na hilo ndilo linaloniuma. Programu mnayotumia ni huria, ya bure kwa kila mtu, na kamusi iliyo ndani yake ilijazwa zamani na watu wa mbali, kwa maneno waliyoyaokota. Sisi tunaojitolea tulimaliza mpya mwaka jana. Tukaiweka mtandaoni, tukapongezana. Maktaba yenu haina mtandao, na hatukuwahi kuuliza ingewafikiaje. Nimeona haya.

Tena hata hiyo mpya haina Nyakio. Nilimwomba Jeremy, mratibu wetu, majina yaingizwe. Akasema majina ya watu si kazi ya kamusi, tungoje toleo lijalo tujadili. Nikamuuliza, je, jina Mary liliingilia mlango gani? Sikungoja jibu. Nimeyaingiza yote ya akina mama, na mengine mia tatu ya mtaani. Mutinda wa bodaboda anakuletea flashi yenye kamusi hiyo. Jeremy akitaka kunifukuza, anifukuze.

Mtoto wa kaka yako,
Kui

Kabiria, 15 Machi 2025

Kui,

Natumai hujambo. Sisi tumechoka lakini wazima.

Flashi ilifika, mashine zikaikataa. Programu yetu ni nzee mno, haipokei kamusi mpya. Tulihangaika nayo siku nzima, na jana ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Nikawaambia waandike hivyo hivyo. Skrini nzima ikawa nyekundu. Mama mmoja kidole kilikuwa kishaenda kwenye kitufe cha kufuta, Khamisa akamshika mkono, akamwambia, "Jina langu halifutwi mara mbili." Tukachapa. Kumbe ile mistari haichapwi kwenye karatasi. Majina yakatoka meusi, safi.

Ungedhani tungefurahi. Khamisa akaitisha rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jina lake. Wakafuata wote, hata akina Mary. Karani akauliza kama hayo ni makosa. Khamisa akamjibu, "Hao ndio wenyewe uliokuwa ukiwatafuta. Gonga muhuri." Akagonga.

Sasa wewe usilete pole. Leta programu mpya.

Shangazi yako,
Nyakio

Ngara, 9 Aprili 2025

Shangazi,

Natumai presha imeshuka. Mimi nina afya, sina kikundi. Jeremy amenitoa.

Afadhali. Sasa nina nafasi ya kuzunguka. Nimeweka programu na kamusi pamoja kwenye flashi moja, isiyohitaji mtandao. Ngara nimeingia kila duka la kuchapa linalonikubali. Mutuini nimemaliza shule mbili. Kuna mwalimu mkuu aliyeniuliza nimetumwa na nani, nikamwambia shangazi yangu.

Jumamosi niko kwenu.

Kui

Kabiria, 6 Mei 2025

Kwako Kui, mwanangu,

Natumai miguu bado inakubeba. Sisi huku ni wazima.

Tangu uje, mashine zimenyamaza. Niliandika Nyakio mara kumi, hakuna mstari. Nikaandika Mungai, jina la marehemu baba yako, nalo likapita. Nilimkumbuka sana kaka yangu.

Vibanda vingali vimesimama. Tumeitwa kikaoni tarehe 20, tutaenda wote arobaini na mmoja. Jana tulichapa barua ya pili, nikawaambia akina mama sasa hakuna haja ya rula, mashine inawajua. Khamisa akaichukua kalamu nyekundu.

Mstari wangu uko hapo chini. Umepinda, rula alikuwa nayo yeye.

Shangazi yako,
Nyakio
______