Mama Sifa alivyonimalizia Salamu Maria

Aline mujukuu wangu,

Hapa Mangobo tuko salama, isipokuwa magoti yangu. Papa yako anakusalimia. Paa la jiko amemaliza. Unaniuliza kama uache rozari, kwa sababu mchumba wako wa kanisa la uamsho anasema tunamwabudu Maria.

Wakati wa vita, mabomu yalipoanza, jirani yangu Mama Sifa, Mprotestanti, alikimbilia kwangu maana nyumba yangu ndiyo ya matofali. Tukalala chini ya kitanda kimoja, sisi tuliogombana miaka mingi juu ya Maria. Nikasali Salamu Maria kwa sauti, yeye akanuna. Nilipofika "sasa na saa ya", ulimi ukagoma. Sikuweza kutaja kufa.

"Kufa kwetu, amina," akamalizia Mama Sifa.

Nikamtazama.

"Kila mangaribi naisikia kwa ukuta," akasema. "Mimi siombi Maria. Ni weye niko nasaidia. Bon, endelea."

Tukaenda hivyo mpaka punje ya mwisho ya rozari, mimi naanza, yeye anamalizia. Kesho yake tukagombana tena, vizuri kabisa.

Basi usimuulize mchumba wako kama atasali rozari. Muulize kama, siku sauti yako ikikatika, atakumalizia.

Koko yako anayekutaja kila mangaribi,
Veronika